Baki Inaliwa na Nani?

Nyanya alinituma sokoni Gede nikanunue pishi ya pojo. Muuzaji alikuwa na mizani, nami nikajiona mjanja: nikakadiria kichwani, nikalipia kilo mbili, nikarudi mbio.

Nyanya akatoa kibaba chake cha bati, akaanza kupima. Cha kwanza kikajaa, cha pili, cha tatu. Cha nne hakikufika ukingoni.

"Hii ni pishi ya wapi, mwanangu?"

Kumbe pojo hazikuwa zetu. Mwezi uliopita tulikuwa tumekopa kwa jirani, na sasa tunalipa.

Kwa hesabu ya pwani, vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Ukitaka kugeuza frasila, kazi ni rahisi, maana frasila ni uzani: kama ratili 35 za Kiingereza, karibu kilo 16. Lakini pishi ni ujazo. Pishi ya mchele na pishi ya unga zinajaza chombo kilekile, ila ziweke kwenye mizani uone kama zitalingana. Kwa hiyo ukiuliza "pishi ni kilo ngapi?" lazima kwanza useme ni pishi ya nini.

Tena kuna kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kuna kibaba cha tele, nafaka imepanda kama kichuguu. Kile kichuguu ni kilo ngapi? Inategemea mkono wa anayepima.

Usinielewe vibaya, sisemi mizani ni mbaya. Kibaba kina wizi wake: bati lililobonyezwa chini, kidole gumba kilichoingia ndani. Mgeni asiyejuana na mtu sokoni, mizani inamlinda. Ninachouliza ni hiki: tukigeuza kipimo kimoja kuwa kingine, hesabu haikosi baki. Hiyo baki inaliwa na nani?

Chukua zaka ya fitri. Ramadhani ikiisha, Waislamu hutoa pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani. Asili yake ni swaa ya Kiarabu, nayo pia ni ujazo, mudi nne. Leo wengi wetu tunapima kwa kilo. Utasikia kilo mbili na nusu, na utasikia kilo tatu. Hiyo nusu kilo kwako ni tarakimu tu. Kwa anayepokea ni sufuria ya wali.

Ndiyo maana siamini kwamba kukadiria ni jambo la hesabu peke yake. Ukipunguza kidogo "ili iwe rahisi," kuna mtu umempunguzia, na mara nyingi ni yule asiyeshika mizani. Kama hatuna hakika, basi tukosee kwa upande wake. Mwenye deni aongeze, mwenye duka aongeze, mtoa zaka aongeze. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini haba na haba pia hukipunguza.

Nyanya hakunigombeza. Aliingia ndani, akachota pojo zetu za akiba, akajaza kile kibaba cha nne mpaka zikaanza kumwagika.

"Alitupa kwa tele," akasema. "Mpelekee."