Mnaponunua Leza, Msiamini Macho

Wanangu, tochi za leza siku hizi zimezagaa. Zinapangwa juu ya meza pamoja na chaja na visikizi vya simu, nanyi mnapozichagua huuliza jambo moja tu: ipi inawaka zaidi? Swali hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu jicho ni shahidi mbaya wa nguvu ya leza.

Jicho la binadamu halioni rangi zote kwa kiwango kimoja. Mchana huona vizuri zaidi nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 555, yaani kijani kinachoelekea manjano. Kijani cha leza nyingi ni nanomita 532, jirani kabisa na hapo. Nyekundu ya kawaida ni 650, mbali sana. Zipe zote mbili miliwati 5, na ya kijani itaonekana kung'aa kama mara 8 kuliko nyekundu, ingawa nguvu ni ileile.

Sasa geukeni kwenye zambarau ya nanomita 405, maana hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ukiiwasha, unaona kijidoa hafifu, utadhani betri imekwisha. Mulika shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga: ghafla doa linakuwa kubwa, la buluu iliyofifia, kwa sababu sabuni huacha kwenye nguo kemikali za kung'arisha zinazomeza zambarau na kutoa buluu. Mtaona ni mchezo mzuri. Lakini tochi hiyo hafifu inaweza kuwa na miliwati 100 au zaidi. Nuru kali ya leza ya miliwati 1 hukufanya upepese macho ndani ya robo sekunde, na hiyo ndiyo kinga yako. Zambarau haikushtui, kwa hiyo unaendelea kuitazama huku retina ikiungua, na retina iliyoungua haioti upya.

Mnapenda pia mstari mrefu unaopaa angani. Mstari huo ni nuru iliyogonga vumbi, moshi, unyevu na hewa yenyewe, ikarudi machoni penu. Ukiwaonyesha watoto nyota usiku, leza ya kijani ya miliwati 5 inatosha kabisa. Nyekundu ya nguvu hiyo haitachora mstari wa maana kwenye hewa safi. Mwalimu darasani hahitaji mstari. Anahitaji doa ukutani, na nyekundu ya miliwati 1 inamtosha, hasa ikiwa ya nanomita 635, ambayo huonekana kung'aa mara mbili ya ile ya 650.

Na kijani nacho kina siri yake. Ndani ya leza nyingi za kijani kuna chipu inayotoa infraredi, mionzi isiyoonekana, kisha fuwele huigeuza kuwa kijani. Panahitajika kichujio cha kuzuia infraredi inayobaki, na watengenezaji wa leza za bei rahisi hukiacha. Mwaka 2013, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima leza 122: karibu asilimia 90 ya za kijani na asilimia 44 ya nyekundu hazikutimiza kanuni za usalama. Basi msiuchukulie ule mwandiko wa kwenye kibandiko kuwa ni kiapo.

Mnakumbuka Machi 2022, mechi ya Senegal na Misri, uso wa Mohamed Salah ukiwa kijani kitupu kwa leza za mashabiki alipokwenda kupiga penalti. Wengi walishangilia. Mimi nilifikiria macho yake. Nanyi mnaokaa Kipawa na kwingine karibu na viwanja vya ndege, msimulike ndege kamwe: kioo cha mbele cha ndege hutawanya nuru hiyo ndogo ikajaa chumba kizima cha rubani, wakati huohuo anapotafuta njia ya kutua na abiria wake. Marekani tangu 2012 kosa la kumulika ndege lina kifungo cha hadi miaka 5.

Kwa hiyo ya kuonyesha ukutani, chukua nyekundu isiyozidi miliwati 1. Ya nyota, chukua kijani isiyozidi miliwati 5, kutoka kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha karatasi za vipimo. Zambarau na buluu za nguvu ziacheni mezani kwa mwenyewe. Na mkikosa yenye vipimo, rudini nyumbani mikono mitupu. Ukutani hata fimbo inaonyesha.