Dagaa Horini

Mtamba chotara asipopata protini ya kutosha hachelewi kukonda, na akikonda huchelewa kuingia joto. Ndiyo maana kando ya Ziwa Victoria wapo wafugaji wanaosaga dagaa na kuwachanganya na pumba. Kwa hesabu tupu hawajakosea: dagaa mkavu ana protini zaidi ya asilimia 50, mashudu ya alizeti kama 25 hadi 30, majani ya miti ya malisho, kaliandra na lukina, kama 20 hadi 25. Lakini je, ni haki kumwekea ng'ombe horini kitoweo cha watu?

Nasema si haki, na hoja yangu inaanzia tumboni mwa ng'ombe mwenyewe. Tumbo la kwanza la mnyama anayecheua limejaa bakteria. Hao huvunja majani, hujijenga kwa protini yake, kisha ng'ombe huwameng'enya wao. Binadamu hana uwezo huo. Anayeamini kwamba mifugo ni amana ya Mungu ataona hapo mgawanyo wa riziki. Asiyeamini ataona umbile tu, na wote wawili watafika mahali pamoja: anayeweza kuishi kwa tusichokila asipewe tunachokila. Alizeti ikishakamuliwa, mashudu hayapikwi nyumbani. Kaliandra huota kwenye kingo za matuta bila kumnyang'anya mtu shamba la mahindi.

Nitaambiwa mtamba naye ana haki yake. Kweli kabisa, na anayemtupia mabua makavu kwa kuwa bado hatoi maziwa anamdhulumu. Ila dawa ya dhuluma hiyo haiko kwenye dagaa peke yao. Utafiti wa Embu, Kenya, uliona kuwa kwa ng'ombe wa maziwa kilo 3 za kaliandra mbichi zaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Lukina, kwa sumu yake ya mimosini, itolewe kwa kipimo tu.

Pingamizi zito zaidi ni la soko: aliyenunua kwa pesa yake hakuiba. Hakuiba, lakini magunia yake yanashindania dagaa wale wale na mama anayenunua kwa kikombe, na bei haimwulizi nani ana njaa. Dagaa walioanikwa mchangani wakanyeshewa, wakajaa changarawe hata hakuna wa kuwanunua kwa mboga, hao nawahesabu pamoja na mashudu, mradi hawajaoza.