Maji ya Chooni na Udhu

Maji yametoka chooni, yamepita polepole kwenye kokoto na mizizi ya matete, yakatokea upande wa pili meupe, hayanuki. Je, Mwislamu anaweza kuyatawadhia?

Swali hili lina jibu kwenye kumbukumbu. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliamua kwamba majitaka yakisafishwa mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi visibaki, kwa ushahidi wa wataalamu wanaoaminika, yanakuwa tohara. Kwa kunywa, liliona ni bora yaepukwe, kwa kuchunga afya. Mwaka 1989 wanazuoni wa fiqhi waliokutana Makka chini ya Rabita, jumuiya ya Waislamu wa dunia, walishika njia hiyohiyo.

Hata hivyo msomaji wa pwani, aliyelelewa kwenye madhehebu ya Shafii, atataka kwenda mbali zaidi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anafundisha katika kitabu chake Minhaj kwamba maji mengi, yaliyofika kipimo cha kulateni, yakiharibiwa na najisi kisha yakatengemaa yenyewe au kwa kuongezewa maji, hurudi kuwa tohara. Lakini harufu ikiondolewa kwa miski au zafarani, hayatohariki. Na kwa kauli yenye nguvu, udongo na chokaa navyo ni hivyohivyo. Mwanachuoni anachoogopa ni kudanganyika: pengine najisi haijaondoka, imefunikwa tu.

Basi matete yanafunika au yanaondoa?

Katika ardhioevu bandia, yaani kitanda hicho cha kokoto na matete, majitaka hutua kwanza kwenye tangi la septiki, kisha huteremka kwa siku kadhaa chini ya kokoto. Watu wengi husifu mimea, na kweli matete hunyonya sehemu ya naitrojeni na kuteremsha oksijeni kidogo mizizini. Kazi kubwa zaidi hufanywa na bakteria walioganda kwenye mawe na mizizi: wanaila taka, wanaivunja, sehemu yake inapaa hewani ikiwa gesi. Kilichokuwa kinyesi hakipo tena. Hapo hoja ya miski haina pa kushika.

Käthe Seidel aliyajaribu haya Ujerumani tangu miaka ya 1950. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanyia utafiti vitanda vya matete kando ya mabwawa yake ya majitaka. Penye mteremko havihitaji umeme wala pampu. Vinahitaji kokoto, matete ya mtoni, eneo la kutosha, na mtu wa kuhakikisha septiki inanyonywa kwa wakati, la sivyo kokoto zitaziba.

Hata hivyo rangi, ladha na harufu havitoshi. Kimelea cha kipindupindu, kilichotesa Dar es Salaam mwaka 2015, hakionekani wala hakinuki, na kitanda cha matete hupunguza vimelea bila kuvimaliza vyote. Ndiyo maana sharti la wataalamu lina uzito: fiqhi inathibitisha tohara, maabara inathibitisha usalama, na hakuna moja inayotosha bila ya pili.

Kinachosikitisha ni kinyaa kugeuzwa hukumu. Mtu anakataa hata kumwagilia mnazi kwa maji yaliyosafishwa, ilhali mvua za masika zikianza anatapisha choo chake kwenye mtaro unaopita mlangoni kwa jirani. Mtume alikataza kukojoa kwenye maji yaliyotuama na kujisaidia njiani na kivulini. Choo kinachotapishwa ni kosa kubwa kuliko hayo, na hakuna ikhtilafu ya kujifichia.

Kamati za misikiti zinaweza kuanza na lililo jepesi. Maji yaliyokwishatumika kwa udhu si najisi. Ni mustaamali tu, yaani yameshatumika na hayatawadhiwi tena, na kila siku yanamwagika bure. Chimbeni kitanda kimoja cha kokoto na matete nyuma ya birika, migomba inywe, waumini waone kwa macho yao. Kisha mzungumzie choo.