Mlinzi Mwenye Mabwana Wengi

Kibamba ya leo kila anayemaliza kuezeka anawaza uzio, na baada ya uzio, kamera. Kamera zenyewe zinapatikana Kariakoo, na fundi wa kuzifunga hakosekani. Anapanda ngazi, anavuta nyaya, anaweka programu kwenye simu ya mwenye nyumba, picha ya geti inatokea, analipwa na kuondoka. Neno la siri mara nyingi hubaki lilelile la kiwandani: admin, au 12345. Nani ataliuliza, na picha inaonekana?

Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai ilisambaa duniani kwa kujaribu maneno ya aina hiyo, takriban 60 tu, kwenye kamera na ruta. Vifaa vilivyokubali vilitekwa, vikatumwa kuishambulia mitandao mingine. Mwingereza Daniel Kaye aliunda jeshi lake la vifaa vilivyotekwa namna hiyo, akalielekeza kwa Lonestar MTN, kampuni ya simu ya Liberia, akilipwa na ofisa wa kampuni pinzani, Cellcom. Novemba mwaka huo wateja wa Lonestar walikosa intaneti. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu Kaye kifungo cha miezi 32. Na wenye kamera? Wengi hawakujua lolote, maana kifaa kilichotekwa huendelea kuonyesha geti kama kawaida. Hapo ndipo penye hatari hasa.

Hata neno la siri gumu lina mipaka yake. Machi 2021 wadukuzi walikuta mtandaoni jina na neno la siri la msimamizi mkuu wa Verkada, kampuni ya kamera ya Marekani, wakajigamba kwamba wamefikia kamera 150,000, zikiwemo za hospitali na magereza. Wateja hawakuwa wamekosea kitu. Picha zao zilitunzwa na mtu mwingine, na uzembe ulikuwa wake.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Ni jambo jema, ila Tume haitakuja Kibamba kupanda ngazi yako.

Basi, kabla hujamlipa fundi, badilisha neno la siri kwa mkono wako, yeye akiwa pembeni. Muulize picha zinahifadhiwa wapi na nani mwingine anaweza kuzifungua. Akibabaika, kamera hiyo iishie getini. Usiiingize sebuleni, sembuse chumba cha watoto.