Ua la Karatasi na Haki ya Kuiga

Kila ninapotengeneza maua ya utepe wa washi kwa albamu za maharusi hapa Mombasa, hujiuliza: je, kuiga ua ni kushindana na Muumba?

Naukunja utepe karibu nusu ya upana wake, nikibakiza ukingo mwembamba wenye gundi. Kisha naupiga marinda madogo madogo, nikiuzungusha juu ya kiduara cha karatasi ngumu. Katikati naweka ushanga.

Katika Sahihi Bukhari, mkusanyo wa hadithi, imo habari ya fundi wa picha aliyemwendea Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akimweleza kuwa kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Akaonywa juu ya kuchora picha, kisha akaambiwa kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Mafundi wa milango ya Lamu na Unguja nao walijaza maua kwenye mbao zao.

Lakini kuruhusiwa si hoja yote. Asumini hufunguka jioni, hunukia, kisha hunyauka. Ua langu halijui kukua wala kufa. Hata malighafi si yangu: washi, karatasi ya Japani iliyoupa utepe huu jina, asili yake hasa ni nyuzi za gome la mti wa jamii ya mforosadi.

Basi anayeiga kwa makini hashindani, anakiri. Rinda la kila petali hunilazimisha kulitazama ua la kweli, na kulitazama hivyo ni shukrani. Fundi mwenzangu, kabla hujakata utepe, litazame kwanza ua lililo hai.