Kazi ya Hoteli na Haki ya Nyumba

Nataka kuwauliza ndugu zangu wanaume wa pwani suala moja. Mume na mke wakiwa wote wawili hutoka kwenda kufanya kazi ya mshahara, ni juu ya nani kazi ya nyumba?

Mfano wake tutautwaa mbali na kwetu, asije mtu akasema kuwa nimemkusudia yeye. Katika mkoa wa Manyara, uliotengwa na mkoa wa Arusha mwaka 2002, ziko wilaya za Mbulu na Hanang. Mbulu ni nchi ya baridi, makao ya Wairaqw. Hanang ni nchi ya ngano na ng'ombe, na mji wake wa Katesh uko chini ya mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, kando ya njia kuu itokayo Babati kwenda Singida. Wasafiri, wafanya biashara na wapanda mlima hulala hapo katika hoteli na nyumba za wageni. Na kazi ya hoteli haina usiku wala mchana: huyu hufika usiku akataka chakula na kitanda, na yule huondoka alfajiri akataka chai.

Basi tuwafikiri mume mpishi na mke mhudumu wa vyumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewapa wote wawili mpaka mmoja: saa 45 kwa juma. Lakini wakirudi kwao, mume huvua viatu akaketi kungoja chakula; mke hujifunga kanga akateka maji, akapika, akaosha watoto. Siku ya mume ni moja, na siku ya mke ni mbili. Je, huu ni uadilifu?

Mtu atasema: Mume ndiye mwenye kutoa nafaka, na mke ni wa kutumikia nyumba. Ndugu yangu, tizama vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi. Mafaqihi wamesema kuwa nafaka ni wajibu juu ya mume hata kama mke ana mali. Na kupika na kufua si wajibu juu ya mke, bali ni wema wake. Na ujira aupatao ni mali yake. Sasa wewe umeupokea mshahara wake ukalipia kodi ya nyumba na ada ya watoto, nao ni hisani; kisha wamdai na mikono yake kama kwamba ni deni! Umechukua hisani mbili, ukaziita haki zako.

Mwengine atasema: Basi na aache kazi. Haya, kama mume aweza kutosheleza nyumba, na wakakubaliana, ni kheri. Lakini aliyemruhusu mkewe kwa kuwa mshahara wake mwenyewe haukutosha, hana njia ya kutaka fedha ibaki na taabu isimguse. Na wako wajane na walioachwa, ambao hawana mume wa kuwaambia wakae.

Wa tatu ataogopa kuchekwa akionekana afua nguo. Huyu na ajiulize: Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Je, heshima yako ni kubwa kuliko yake?

Wala mwenye hoteli hakusalimika. Sheria hiyo imempa mzazi mwanamke siku 84 za mapumziko, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Na anyonyeshaye apewe nafasi isiyozidi saa mbili kwa siku. Mwenye hoteli akimzuilia haki hii, amemdhulumu mama na mtoto pamoja. Na baba naye amepewa siku zisizopungua 3. Ni chache, lakini tujiulize: hizo chache twazitumia kumpokea mtoto na kumpumzisha mama yake, au twazimaliza barazani tukipokea hongera?

Simsahau mume. Mlinzi aliyekesha langoni naye ni kiumbe, na mke asimuamshe kwa kila jambo. Mizani si kuwa kila mmoja apige ufagio mara sawa; mizani ni kuwa asipumzike mmoja kwa kumchosha mwenziwe.

Na msiseme, ndugu zangu, kuwa Katesh ni mbali. Hoteli zimejaa Unguja, Malindi na Diani, na ndani yake wamo wake zetu na binti zetu. Usiku wa leo ukirudi nyumbani, kabla hujauliza chakula kiko wapi, uliza kwanza: nani hajaketi tangu asubuhi? Kama si wewe, basi simama.