Chema Chajiuza?

Ipo tuhuma isikikayo kila penye kompyuta, iwe Unguja au katika steshenari za Musoma, ambako flashi moja hupita mashine kumi kwa siku: kwamba wauzao kinga ya virusi ndio wavitengenezao, na kwamba makampuni makubwa huacha mianya katika programu zao kwa kusudi. Lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilienea duniani na kukwamisha hospitali za Uingereza. Mwanya wa Windows iliyoupitia ulikuwa umejulikana kwanza na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, nalo likauficha ili liutumie katika upelelezi, hata siri hiyo ikaibwa.

Hata hivyo, tuhuma ya njama ina udhaifu mmoja: ni lazima ampate mwovu. Je, ubaya hauwezi kumea pasipo mwovu? Atakaye jibu na aitazame pamba ya Bunda.

Zamani mkulima wa Kanda ya Ziwa aliuza pamba kwa madaraja mawili, safi na fifi, kila moja na bei yake. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, kila mmoja alikimbilia kujaza ghala lake kabla ya mwenziwe. Aliyechambua kwa uangalifu na aliyetia maji na mchanga wakawa aghalabu hulipwa sawa; uchambuzi ukafifia. Hapakuwa na kikao cha siri. Kila mtu alifuata faida iliyokuwa karibu naye.

Programu nayo huuzwa hivyo. Mnunuzi huona kasi, sura na bei, usalama hauoni. Kampuni ikaayo mwaka mzima kuziba mianya hukuta wenziwe wamekwisha teka soko. George Akerlof, mwanauchumi wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyokwisha tumika: mnunuzi asipoweza kupambanua, kizuri hukimbia soko. Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza; lakini chema hujiuza penye macho ya kukiona.

Lililobaki ni kujua hasara humwangukia nani. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969, aliwawekea wasomaji wa Kiswahili baraza ambamo mkataba hupimwa neno kwa neno. Antonio alitia saini akijua kwamba rehani ni nyama ya mwili wake. Mwenye steshenari hubonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma kwamba programu inatolewa jinsi ilivyo, na kwamba ikiharibu nyaraka za wateja wake, muuzaji karibu hadaiwi kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 humwadhibu mvamizi, na ni haki. Lakini aliyeuza mlango usio na komeo haulizwi.

Hili laweza kugeuzwa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipokataa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, hasara ilivifikia viwanda vya minofu, vya Musoma vikiwamo. Ukaguzi ukaimarishwa, soko likafunguliwa tena. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha njama; samaki ndiye aliyepimwa. Mwaka 2024 Umoja huohuo ulipitisha sheria ya kuwawajibisha watengenezaji wa programu kwa usalama wake, masharti yake makuu yakipangiwa Desemba 2027.

Hakuna kazi ya mkono wa mtu isiyo na dosari, na mwanya si dhambi. Dhambi ni kupanga biashara ili auachaye asiumie kamwe, na aumiaye awe yule asiyeweza kuuona. Anayemsaka mwovu aliyejificha huenda akampata, mmoja mmoja. Mkataba wenyewe utabaki pale pale, ukingoja kubonyezwa.